Jela au kifungo cha nje: la kumwambia afisa wa probesheni akija kukuuliza

Mtu akitiwa hatiani kwa kosa lisilo kubwa, mara nyingi adhabu haisomwi siku hiyohiyo. Hakimu wa Kenya au wa Tanzania anaweza kuahirisha na kumtuma mtaani afisa wa probesheni, yaani anayesimamia wakosaji wanaotumikia adhabu nje ya gereza. Afisa anakwenda nyumbani kwa mkosaji, anaongea na wazazi au mwenza wake, anapita kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa chifu, kisha anabisha hodi kwa aliyekosewa. Huyu mtu mnamjuaje? Ana makazi? Ameshawahi kukosa? Na wewe uliyeibiwa, unaonaje? Majibu yenu yanaandikwa kwenye taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na taarifa hiyo ndiyo hakimu anayoisoma kabla ya kuamua kama mtu aende gerezani au atumikie nje.

Wengi wanajibu walivyo siku ile. Mwenye hasira anasema afungwe akome. Mwenye huruma, au anayeogopa lawama za ukoo, anasema aachiwe, ni mtoto wetu. Majibu hayo mawili naelewa yanatoka wapi, lakini hayamsaidii hakimu, na mara nyingi hayamsaidii hata anayeyatoa. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu atakayebishiwa hodi.

Msimamo wangu niutaje mapema. Kwa kosa dogo la mtu asiyehatarisha mwili wa mtu mwingine, kifungo cha miezi michache gerezani ndicho chaguo baya kuliko yote, na hasara yake inamfikia hata aliyeibiwa. Kwa mtu anayeumiza wenzake, gereza ni mahali pake, na kumtetea atumikie nje ni kuwatelekeza aliowaumiza.

Njia zenyewe

Gereza halihitaji maelezo marefu: mtu ananyang'anywa uhuru kwa muda uliotajwa. Ambacho wengi hawakijui ni kwamba muda unaotajwa mahakamani sio atakaoukaa. Sheria za magereza za Kenya na Tanzania zinampunguzia mfungwa theluthi ya kifungo akiwa na mwenendo mzuri, ilimradi kifungo chenyewe kinazidi mwezi 1, isipokuwa kwa makundi machache kama waliofungwa maisha. Ukisikia miezi 6, hesabu miezi 4. Ukisikia miaka 3, hesabu miaka 2.

Huduma kwa jamii ndiyo inayoitwa mitaani kifungo cha nje. Mkosaji analala kwake, lakini kwa saa alizopangiwa anafanya kazi ya umma bila malipo. Sheria ya Kenya inazitaja kazi zenyewe: kujenga na kutengeneza barabara za umma, kupanda miti, kuhifadhi vyanzo vya maji, ukarabati na usafi wa shule na hospitali za serikali. Inamhusu mtu aliyekosa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, au ambalo lina kifungo kirefu zaidi lakini hakimu anaona miaka 3 au pungufu inamtosha. Kenya ilipitisha sheria hiyo mwaka 1998, Uganda mwaka 2000, Tanzania mwaka 2002. Mfano wa kuigwa ulikuwa Zimbabwe, iliyoanza mapema miaka ya 1990. Msukumo ulitoka kwenye mkutano wa Kampala wa Septemba 1996, ambapo watu wa magereza, wa mahakama na watetezi wa haki kutoka nchi nyingi za Afrika walitamka wazi kwamba magereza yamefurika, na kwamba mwenye kosa dogo atafutiwe adhabu nyingine.

Uangalizi, yaani probesheni yenyewe, ni wa zamani zaidi. Kenya imekuwa nao tangu miaka ya 1940. Hapa hakuna kazi ya kufanya. Mkosaji anajifunga mbele ya mahakama kuwa na mwenendo mwema kwa muda usiozidi miaka 3, anaripoti kwa afisa wake, na hakimu anaweza kuongeza masharti: akae wapi, ajiepushe na nini, atibiwe wapi. Ni lazima mwenyewe akubali kwanza. Akiyavunja masharti anarudishwa mahakamani, na anaweza kuadhibiwa kwa lile kosa la mwanzo kana kwamba uangalizi haukuwapo.

Faini naitaja tu. Kwa kawaida inaingia serikalini, aliyeibiwa haioni, na inaposomwa kwa maneno "faini au miezi 6 jela" inamtoa mwenye pesa na kumpandisha maskini kwenye karandinga. Watu wawili wenye kosa moja wanapata adhabu mbili tofauti kwa sababu ya mfuko.

Yapo pia makosa yasiyo na cha kuchagua. Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30 isiyopungua, na kwa mtu mzima ubakaji ni vivyo hivyo tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Huko maoni ya mtaa hayabadilishi kitu. Zanzibar nayo ina sheria zake na Chuo chake cha Mafunzo; yaliyomo humu yanahusu Bara na Kenya.

Unataka adhabu ifanye nini?

Mwongozo wa kutoa adhabu wa Mahakama za Kenya wa mwaka 2016 ulitaja malengo 6. Mkosaji alipwe anachostahili. Wengine waogope. Yeye mwenyewe arekebike. Aliyekosewa arudishiwe na watu wapatane. Jamii ilindwe. Na tendo likemewe hadharani. Hakuna adhabu inayofanya yote 6 kwa pamoja. Ndiyo maana swali la afisa halijibiki vizuri mpaka ujiulize wewe mwenyewe unachokitaka zaidi.

Umoja wa Mataifa nao ulizifanyia marekebisho kanuni zake za kuwatendea wafungwa Desemba 2015 na kuzipa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 4 inasema lengo la kumfunga mtu ni kwanza kuilinda jamii dhidi ya uhalifu na kupunguza watu kurudia makosa, na kwamba hilo linatimia pale tu ambapo muda wa kifungo umetumika kumwandaa mtu arudi uraiani akiweza kuishi kwa kufuata sheria na kujitegemea. Mimi naishika kanuni hii kwa sababu inamwangalia mtu wa nje. Inauliza atakayetoka mlangoni atakuja kuishi jirani na nani, na akiwa mtu wa namna gani.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja wa kubuni. Kijana wa miaka 22 wa Nakuru ameiba baiskeli ya muuza maziwa. Baiskeli imeuzwa, pesa imeliwa. Amekamatwa na amekiri. Ni mara yake ya kwanza, anaishi na mama yake, anafanya vibarua vya ujenzi. Kenya, wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 3. Tuseme hakimu anafikiria miezi 6.

Ulinzi

Kwenye ulinzi gereza linashinda bila ubishi. Aliye ndani hawezi kukuvunjia mlango. Kama anayezungumziwa ni mtu anayetembea na panga, anayewasubiri wanawake njiani, au anayerudia kila akitoka, miezi au miaka ya kuwa mbali naye ni faida halisi kwa mtaa mzima, na huna sababu ya kuona aibu kuisema mbele ya afisa. Watu wa mtaani wamechoka kuambiwa wawe na huruma na wale ambao hawakuwahurumia wao.

Kwa kijana wa baiskeli hesabu ni nyingine. Miezi 6 ni miezi 4, na siku alizokaa rumande zinahesabiwa. Unalindwa kwa msimu mmoja wa mvua. Baada ya hapo anarudi mtaani kwako, akiwa amelala miezi hiyo chumba kimoja na watu waliobobea kuliko yeye. Magereza yetu yamejaa kiasi ambacho serikali zenyewe hulazimika kuyapunguza kwa misamaha. Desemba 2019, kwenye sherehe za Uhuru, Rais John Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mara moja. Kwenye chumba kilichozidiwa watu hulala ubavu wamepangana, na mmoja akitaka kugeuka mstari mzima unageuka. Ndani kuna mnyapara, kuna wakubwa na wadogo, na mdogo hujifunza haraka kutoka kwa mwenye uzoefu. Anayeingia na kosa moja anatoka akifahamiana na watu wa makosa mengi.

Kitu chako

Sehemu hii mlalamikaji aisome kwa utulivu, maana ndiyo inayosahaulika mahakamani. Muuza maziwa alikuwa na baiskeli. Sasa hana. Maziwa yanabebwa kwa bodaboda na faida inaliwa na nauli. Kijana akiwa gerezani, hapati kipato cha kumlipa fidia. Mama yake naye anahangaika na nauli ya kwenda kumwona, sabuni, dawa ya meno. Miezi 4 ikiisha, kijana hana kibarua na muuza maziwa hana baiskeli. Adhabu imetekelezwa kikamilifu na hakuna aliyerudishiwa chochote.

Kijana akiwa nje, mahakama inaweza kuamuru fidia, na anaweza kuilipa kidogokidogo kwa sababu saa za huduma kwa jamii hazimalizi wiki yake. Asubuhi anafyeka nyasi zahanati, jioni anabeba matofali kwa mhandisi wake. Ukiwa umeibiwa, mwambie afisa thamani ya kitu, leta risiti kama unayo, taja kiasi na muda ambao ungekubali kulipwa. Sentensi moja kama "nalipwa kwa miezi 8, kila mwisho wa mwezi, kupitia mahakamani" ina uzito kuliko nusu saa ya kulalamika. Hakimu halazimiki kuifuata, lakini akiikuta kwenye taarifa anajua aliyekosewa anataka nini.

Kwa kigezo hiki kifungo cha nje kinashinda gereza kwa mbali. Sijui kigezo kingine ambacho tofauti ni kubwa hivi na watu wanakifikiria kwa uchache hivi.

Kuwatisha wengine

Hoja ya "akifungwa wengine wataogopa" ina historia yake kwetu. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya adhabu za chini: kwa makosa kama rushwa na wizi wa mali ya umma, kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Hakimu aliachiwa nafasi ndogo mno ya kupima mtu mmojammoja. Mwaka 1972 sheria ile ikabadilishwa na nyingine na viboko vikaondolewa. Mwaka 1989 vikarudishwa. Kama ukali ungekuwa umemaliza kazi, kusingekuwa na haja ya kuurekebisha na kuurudia. Rushwa haikuondoka.

Ninachokiona ni kwamba mwizi hapigi hesabu ya miezi kabla ya kuiba. Anapima kama ataonekana. Mtaa wenye taa, ulinzi shirikishi na jirani anayepiga kelele unamtisha kuliko kifungu cha sheria ambacho hajawahi kukisoma.

Huduma kwa jamii ina jambo moja hapa ambalo gereza halina: inaonekana. Aliyefungwa mbali anatoweka, na baada ya wiki mbili hazungumzwi tena. Anayefyeka uwanja wa shule aliyosoma mwenyewe, walimu wakimjua na wadogo zake wakipita, anakutana na alichokifanya kila siku. Nasema kuonekana, sisemi kudhalilishwa. Kumvalisha bango au kumpiga picha za kusambaza ni kumharibia njia ya kurudi, na hakuna hakimu aliyeiagiza.

Kubadilika

Gereza linaweza kumbadilisha mtu. Wapo waliotoka na ufundi kamili. Gereza la Karanga, Moshi, lina kazi ya ngozi na viatu iliyokua hadi kuwa kiwanda. Ukonga, Dar es Salaam, inajulikana kwa samani zake. Kenya, wafungwa hufanya mitihani ya kitaifa wakiwa ndani, na kwenye magereza ya Kamiti na Naivasha wapo waliosomea sheria wakiwa na sare za kifungo. Mageuzi yaliyoanza 2003, Moody Awori alipokuwa akisimamia magereza serikalini, yaliwapa wafungwa wa Kenya magodoro na televisheni, na wananchi wengi walilalamika kwamba jela imekuwa hoteli. Mimi niko upande wa Awori. Adhabu ni kunyimwa uhuru. Hakuna hakimu anayesoma hukumu ya kulala sakafuni na kuumwa na chawa. Na anayetendewa kama mtu kwa miaka 10 ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi kama mtu.

Lakini angalieni nani anayefaidi. Kushona kiatu kunahitaji miaka, mtihani unahitaji miaka. Wa miezi 4 hakai muda wa kufundishwa kitu. Anafika, anapangiwa shamba au usafi, anatoka. Kwake gereza halina karakana wala darasa, lina muda wa kupoteza kibarua, na wakati mwingine chumba cha kupanga na mchumba. Mabadiliko yanayosemwa na wanaotetea kifungo ni ya wafungwa wa muda mrefu, na hao hawamo kwenye swali unaloulizwa na afisa.

Uangalizi ni tofauti kwa sababu unakaa na mtu pale alipokosea. Kama wizi ulianza kwenye pombe, afisa anaiona pombe. Kama ulianza kwenye kampani ya wavuta bangi wa kijiweni, sharti linaweza kumkataza kijiwe. Afisa mzuri anampeleka kwenye mafunzo ya ufundi, anaongea na mjomba mwenye gereji. Kazi hiyo haina ukuta wala bunduki, na sehemu kubwa inategemea afisa ana watu wangapi wa kuwafuatilia.

Anayedhani adhabu ya kazi ni ya wezi wa kuku pekee aitazame Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 magereza yalibeba watu zaidi ya laki moja, wengi bila kesi. Mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya kijamii ya vijijini, zilizofungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2. Wengi waliokiri na kuomba msamaha, wasio katika kundi la wapangaji wakuu, walitumikia nusu ya adhabu yao kwa kazi ya umma: barabara, matuta ya kilimo milimani, nyumba za walionusurika. Sikubaliani na kila kilichotokea kule, na kwa walionusurika kumwona muuaji akirudi kijijini ni maumivu ambayo sheria haiyagusi. Lakini nchi iliyokuwa na sababu ya kulipiza kisasi kuliko nyingine yoyote ilichagua kutowaacha watu wale wote wazeeke ndani.

Wanaobaki nyumbani

Mfungwa hafungwi peke yake. Baba akiingia ndani, ada inakatika, mwenye nyumba anaanza kugonga. Mama akiingia, watoto wanagawanywa kwa ndugu. Na mwenye mtoto mchanga anaweza kuingia naye, Kenya sheria inaruhusu hadi miaka 4. Mtoto anajifunza kutembea ndani ya uzio wa gereza la wanawake la Lang'ata bila kosa lolote. Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2010 kuhusu wafungwa wanawake, zinataka mama mwenye watoto wadogo apewe adhabu ya nje kila inapowezekana, na hili naliona halina mjadala kwa kosa lisilo la kumdhuru mtu. Mama aliyekamatwa na lita 5 za gongo asipelekwe gerezani na mtoto mgongoni.

Pale jibu langu linapobadilika

Kesi ya mume aliyempiga mke nitaizungumzia zaidi, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa na shinikizo. Afisa anakuja, na kabla hajafika, mama mkwe ameshakaa na mlalamikaji, shangazi amepiga simu, mtu wa dini ameombwa aongee: mwambie afisa mmeyamaliza, atumikie nje, watoto watakula nini. Tazama maana yake. Huduma kwa jamii inamrudisha mtu kulala nyumbani kila jioni. Kwa mwizi wa baiskeli hiyo ni faida. Kwa mpigaji ni kumrudisha kwenye chumba kilekile, na mtu yuleyule, akiwa na hasira ya kushtakiwa.

Dada uliye kwenye hali hiyo, omba kuongea na afisa peke yako, bila ndugu yeyote ndani ya chumba. Una haki ya kuomba hivyo. Mwambie kama unaogopa. Kama mahakama inaelekea kwenye uangalizi, omba sharti la makazi, akae kwa kaka yake au kwingineko, asikanyage kwako. Kama sharti hilo haliwezekani na kipigo kilikuwa cha kuumiza, gereza ndilo linalokupa nafasi ya kujipanga. Anayekulaumu kwa kusema hivyo hakuwa chumbani siku ile.

Mtumiaji wa unga ni jambo lingine. Anaiba ili apate dozi, na hata atoke gerezani lini, akikutana na wauzaji walewale atarudia. Tangu 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ina kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, na baadaye zikafunguliwa nyingine; mtumiaji anakunywa dawa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa mtu wa namna hii ningeomba uangalizi wenye sharti la matibabu, na ningemwambia afisa waziwazi kwamba anaweza kuteleza kabla ya kutulia.

Aliye chini ya miaka 18 sheria imeshajibu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Ipo shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya. Kenya zipo borstal, yaani taasisi za kurekebisha vijana: Shimo la Tewa na Shikutsa, na Kamae kwa wasichana. Ukimsikia mtu anasema mtoto wa miaka 15 apelekwe jela ya wakubwa, mwambie hilo haliruhusiwi.

Ubovu wa kifungo cha nje

Nikikuficha haya nitakuwa sijakusaidia. Afisa mmoja anaweza kuwa na wilaya nzima na hana usafiri. Mkosaji anapewa daftari la mahudhurio, mwalimu mkuu au mganga mfawidhi anasaini, na mahali pengine sahihi hutolewa bila kazi kufanyika. Hakimu naye akichelewa kupata taarifa kutoka kwa afisa anaona afadhali afunge kuliko kuahirisha tena. Na mtaa ukimwona mtuhumiwa wa jana yuko kijiweni leo, unasema ameachiwa, hakimu kahongwa. Hapo ndipo panapozaliwa tairi na petroli mara nyingine mwizi akishikwa. Kwa hiyo kifungo cha nje kisichosimamiwa kinaharibu zaidi ya mkosaji mmoja. Kinawafundisha watu wasiiamini mahakama.

Dawa yake iko karibu. Mwenyekiti wa mtaa aambiwe hukumu, atangaze kwenye mkutano kwamba fulani ameadhibiwa, anatumikia mahali fulani, hadi mwezi fulani. Watu wakijua, wanamwangalia wao wenyewe.

Ukishabishiwa hodi

Kumbuka afisa hahukumu, anaandika. Sema unachokijua kwa macho yako, na usikisemee kisa ulichosikia kisimani. Kama ni mkosaji wa mara ya kwanza, sema. Kama umeshamvumilia mara tatu bila kwenda polisi, sema hilo pia, kwa tarehe ukizikumbuka. Taja kama ana makazi ya kudumu, maana asiye na makazi ni vigumu kupewa kifungo cha nje hata akiwa na kosa dogo. Ndugu anayekubali kumpokea aseme mbele ya afisa na atoe jina na namba yake. Taja kama unamwogopa. Na taja unachotaka kurudishiwa.

Kwa kijana wetu wa Nakuru, ningekuwa mimi ndiye muuza maziwa, ningeomba huduma kwa jamii pamoja na fidia ya baiskeli kwa awamu, na ningeomba kazi yake iwe mahali ninapopita. Angekuwa ameniibia kwa kunitishia kisu, ningeomba gereza, na ningesema hivyo mbele ya mama yake.

Hukumu ikishasomwa, muulize karani wa mahakama jina la afisa anayesimamia, mahali pa kazi na tarehe ya mwisho. Ukiona siku zinapita na mtu hatokei kazini, nenda kwa afisa huyo. Asipochukua hatua, rudi mahakamani kwa namba ya kesi. Hakimu ana mamlaka ya kumwita mkosaji ajieleze, na akishindwa kujieleza, ya kumpa adhabu nyingine kwa kosa lilelile.